Kuponya Nchi: Njaa, Mkonge na Uzuiaji wa Ukatili Korogwe na Handeni

Historia ya nchi iliyo kati ya milima ya Usambara na vilima vya Uzigua, ambayo leo imegawanywa katika wilaya za Korogwe na Handeni mkoani Tanga, imezoeleka kuandikwa kama historia ya vita na ya wakubwa waliovipigana: nani alirithi kiti, nani alichoma mji wa nani, na nani alinyongwa na Wajerumani. Maandishi hayo yana thamani yake, lakini yameacha pembeni swali jingine lenye uzito usiopungua huo, yaani namna watu wasio na vyeo walivyojaribu kuyaondoa mazingira yanayozaa ukatili kabla ukatili wenyewe haujatokea. Kata ya Kilole, ambayo sasa ni sehemu ya mji wa Korogwe, imo katikati ya historia hiyo, kwa kuwa bonde la mto Pangani, unaojulikana huko pia kwa jina la Ruvu, limepitiwa na misafara ya watumwa na pembe, na reli, na vibarua wa mkonge, kisha na watafiti wa afya, na kila kundi lilileta aina yake ya madhara au ya kinga.

Mitazamo miwili ya kisasa inasaidia kuisoma historia hiyo. Wa kwanza ni wa afya ya jamii, unaouchukulia ukatili kama jambo lenye visababishi vinavyoweza kutambuliwa, kuhesabiwa na kupunguzwa, badala ya kuuona kama tabia mbaya ya mtu mmoja mmoja inayosubiri polisi na hakimu. Wa pili ni wa haki ya jamii, unaouliza nani ana chakula, ardhi, ujira na sauti, na nani ananyimwa, kwa hoja kwamba asiye na vitu hivyo ndiye anayepigwa kwa wepesi na kusikilizwa kwa shida. Mwaka 1996 Baraza Kuu la Afya Duniani lilitangaza kwamba ukatili ni tatizo kubwa la afya ya jamii ulimwenguni, na mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani likatoa ripoti yake kuu ya kwanza juu ya jambo hilo. Kwa wakazi wa Korogwe fikra hiyo si ngumu kuelewa, kwa sababu mji wao una kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ambacho kilishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria, na wanajua kwamba homa haipungui kwa kumtibu mgonjwa peke yake iwapo madimbwi, nyumba zisizo na vyandarua na umaskini vimeachwa kama vilivyo.

Hata hivyo ingekuwa kosa kudhani kwamba fikra ya kuunganisha afya, haki na amani ililetwa na ripoti za Geneva. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti kwa muda mrefu Usambara na kuchapisha vitabu vyake mwaka 1974 na 1990, alionyesha kwamba Washambaa walikuwa na istilahi kamili ya siasa iliyojengwa juu ya jozi ya maneno: kuzifya shi, yaani kuiponya au kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Nchi iliyopona ni ile ambayo mvua hunyesha kwa wakati, chakula kipo, watoto hawafi na watu hawauani. Nchi iliyoharibika ni ile ambayo wakubwa wanashindana, nguvu kwa nguvu, na matokeo ya mashindano yao ni ukame, njaa, maradhi na watu kutekwa. Katika fikra hiyo mvua na hukumu ya haki hazikuwa mambo mawili. Mtawala aliyepokea kodi alidaiwa kulisha wenye njaa na kuamua kesi, na aliyeshindwa kufanya hivyo hakuhesabiwa kuwa mtawala mbaya tu, bali alihesabiwa kuwa chanzo cha vifo. Msomaji wa leo anaweza kuipinga imani kwamba mfalme huleta mvua, lakini hawezi kupuuza kwamba wakulima hao waliuona uhusiano kati ya ushindani wa madaraka na njaa, na kati ya njaa na damu, mapema kuliko wataalamu wengi.

Simulizi za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu akawa mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi uliowatawala Washambaa, zinabeba fikra iyo hiyo. Ndani yake Mbegha hapati nchi kwa kuwashinda watu vitani, bali kwa kuwaua nguruwe mwitu walioharibu mashamba, kwa kugawa nyama na kwa kuamua magomvi yaliyowashinda wenyeji. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyewahi kumtumikia Semboja wa Mazinde na kuandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili mwishoni mwa karne ya 19, aliyahifadhi masimulizi hayo, na kitabu chake kinabaki kuwa mojawapo ya hazina kubwa za historia iliyoandikwa na Mwafrika kwa lugha yake. Bila shaka simulizi kama hizo zilitungwa pia ili kuutetea utawala wa Wakilindi, lakini utetezi wenyewe unaonyesha ni sifa gani ambazo raia walitaka kuziona kwa anayewatawala.

Kuharibika kwa nchi kulikuja kwa kasi baada ya mwaka 1862, alipofariki Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa aliyetawala kutoka mji wa Vugha na aliyewapokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1848 na wasafiri Burton na Speke mwaka 1857. Hata kabla ya kifo chake, bunduki zilizoingia kupitia pwani zilikuwa zimeenea kwa Wazigua wa mabondeni kuliko kwa mfalme wa milimani, na hivyo mizani ya nguvu ilikuwa imekwisha kuhama. Mwanawe Semboja alijiweka Mazinde, kwenye njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro, akapata baruti kwa kuuza watu, kisha akampiga vita mrithi wa Vugha, Shekulwavu, na hatimaye akamtawaza mwanawe mwenyewe. Wabondei nao wakaasi katika machafuko yaliyojulikana kama Kiva, wakajikomboa kutoka kwa Wakilindi, lakini si kutoka kwa soko la watumwa. Mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la Unguja ulizuia usafirishaji wa baharini bila kuondoa haja ya watumwa katika mashamba ya pwani ya bara, na ndiyo maana utekaji katika bonde la Ruvu haukukoma mwaka huo.

Ramani ya makazi ya wakati ule ni ushahidi ulio wazi kuliko maneno. Korogwe na Maurui, miji iliyotajwa mara nyingi na wasafiri wa karne hiyo, ilijengwa juu ya visiwa katikati ya mto, ikiingiliwa kwa madaraja membamba ambayo wakazi waliweza kuyalinda au kuyaondoa, na vijiji vya Uzigua vilizungushiwa maboma ya miti na miiba. Hiyo nayo ilikuwa kinga, lakini ilikuwa kinga ya mwisho, inayomkuta mtu akiwa ameshazingirwa, na gharama yake ilikuwa kubwa: watu waliojibana visiwani na ndani ya maboma hawakuthubutu kulima mbali, pori likakua, na shamba dogo lilikuwa na maana ya akiba ndogo pale mvua ilipokosekana. Usalama wa boma na njaa ya shamba vilikwenda pamoja.

Njaa ndiyo mlango ambao ukatili uliuingilia Uzigua mara nyingi zaidi kuliko uchokozi wa jirani. James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya siasa na mazingira ya kaskazini mashariki mwa Tanzania, ameeleza kwamba usalama wa Wazigua kabla ya ukoloni ulitegemea mahusiano ya wenye nacho na wasio nacho: mkubwa wa kijiji aliweka akiba ya nafaka na mifugo, akawapokea wahitaji, nao wakamlipa kwa kazi, kwa kufyeka pori linalohifadhi mbung'o na kwa utii. Mahusiano hayo hayakuwa ya usawa, na mtu asiyapambe. Sehemu yake mojawapo ilikuwa desturi ya rehani, ambayo kwayo ukoo uliozidiwa na njaa ulimkabidhi mtoto kwa mwenye chakula hadi deni lilipwe. Pale ambapo ndugu walikuwa na nguvu ya kudai, mtoto alirudi. Pale ambapo msafara wenye fedha ulipita na ndugu walikuwa wametawanyika au wamekufa, mtoto aliuzwa. Desturi ile ile iliokoa maisha au ikayapeleka pwani, kutegemea kama kulikuwa na mtu wa kumwajibisha aliyeshika rehani.

Mfano mkubwa wa jambo hilo ni njaa ya miaka ya 1830, iliyowasukuma Wazigua wengi kuteremka pwani ambako walitekwa, walidanganywa au walijiuza wenyewe ili wale, kisha wakapakiwa majahazini hadi Barawa na mashamba ya Somalia. Masimulizi ya wazao wao yanamtaja Wanankhucha, mwanamke mwaguzi aliyewaongoza kutoroka utumwani wakikusudia kurudi kwao, na kwamba safari hiyo ilikomea katika bonde la mto Juba, walikoanzisha vijiji vya watu huru msituni na kuendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya miaka 150. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoilipua Somalia mwaka 1991, wakulima hao wasio na ukoo wenye bunduki walikuwa miongoni mwa walioporwa, kubakwa na kuuawa kwa wingi, na sehemu yao wakavuka bahari hadi Tanga, wakapokewa katika kambi ya Mkuyu wilayani Handeni, nchi ambayo lugha yao ilieleweka. Mwaka 2003 walihamishiwa katika makazi ya Chogo, wilaya hiyo hiyo, wakapewa mashamba, na serikali ya Tanzania ikaanza kuwapa uraia wale walioutaka.

Uamuzi huo wa Chogo unastahili kukumbukwa zaidi kuliko unavyokumbukwa. Mkimbizi aliyefungiwa kambini bila shamba wala haki ya kufanya kazi huishi kwa mgawo, na popote ambapo watu wengi wanaishi kwa mgawo, wanawake wanaotafuta kuni na vijana wasio na kazi hubeba mzigo wa ukatili kuliko wengine. Ardhi na uraia viliondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo bila kuongeza askari hata mmoja. Ni jambo la kutafakari pia kwamba wilaya iyo hiyo ya Handeni, katika kijiji cha Msomera, ilianza mwezi Juni 2022 kupokea familia za wafugaji zilizohamishwa na serikali kutoka eneo la hifadhi ya Ngorongoro, kwa mpango ambao serikali imesisitiza kuwa ni wa hiari na ambao watetezi wa haki za binadamu wameuhoji kuhusu ridhaa ya wanaohama na hatima ya waliokuwa wakiitumia ardhi ya Msomera tangu zamani. Historia ya Uzigua inatoa kipimo cha kuuangalia mpango huo: nyumba mpya na shule hazitoshi kuzuia ugomvi wa malisho na mashamba iwapo mwenyeji na mgeni hawakukubaliana mipaka wao kwa wao, mbele ya baraza lisilomilikiwa na upande wowote.

Wajerumani walipoishika nchi baada ya kuuvunja upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri na Bwana Heri mwaka 1889 na 1890, walidai kwamba wameleta amani, na ni kweli kwamba misafara ya watumwa ilikoma na kwamba watu wa visiwani walianza kujenga nchi kavu. Lakini aina moja ya ukatili ilibadilishwa kwa nyingine. Wakubwa waliokuwa na akiba ya chakula walipoteza kodi na madaraka yao, kazi ya kulisha wenye njaa haikupata mrithi, na nzige wa mwaka 1894 walipokula mashamba, njaa ikaua watu wengi Uzigua huku ofisi ya wilaya ikijishughulisha na ukusanyaji wa ushuru. Handeni ilirudiwa na njaa tena na tena, ikiwemo ile ya miaka ya mwanzo ya 1930 chini ya Waingereza, na mbung'o wakayameza malisho yaliyoachwa. Utumwa wenyewe, ambao Wajerumani waliupunguza taratibu bila kuupiga marufuku moja kwa moja, ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922.

Upande wa Korogwe kilichotawala maisha ni mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza miche 1,000 kutoka Amerika, ikafika hai 62 tu, na kutokana na hiyo mashamba yalienea kutoka Pangani hadi Korogwe, ambako reli kutoka Tanga ilifika mwaka 1902. Ngombezi, Magunga, Mwelya, Hale na mashamba mengine yalihitaji mikono mingi kuliko wenyeji walivyokuwa tayari kutoa, kwa sababu Mzigua au Mshambaa mwenye shamba lake hakuona faida ya kukata majani yenye miiba kwa ujira mdogo. Jibu la walowezi lilikuwa kodi ya lazima, kipande, yaani kadi iliyojazwa siku 30 za kazi ambazo bila kutimia hapakuwa na mshahara, na kiboko. Kipigo cha viboko 25 kilikuwa cha kawaida kiasi kwamba idadi hiyo iligeuka kuwa jina la adhabu. Kilichofanya kiboko kiwe ugonjwa wa kuenea, badala ya kosa la mzungu mmoja mkali, ni kwamba kilishuka ngazi: meneja alimwamuru nyapara, nyapara alimpiga kibarua, na kibarua aliyedhalilishwa mchana mbele ya wenzake alirudi kambini jioni akiwa na pombe, kisu cha mkonge na mtu dhaifu zaidi yake.

Katika miaka ya 1940 na 1950 idadi kubwa ya wakata mkonge walikuwa manamba, wafanyakazi wa mkataba walioletwa kutoka mikoa ya mbali na hata nje ya Tanganyika, hasa baada ya wenye mashamba kuunda mwaka 1944 ofisi yao ya kuajiri iliyojulikana kama Silabu. Kambi zilijaa wanaume waliotenganishwa na wake, wazee na mabaraza yao, wakisema lugha nyingi, wakiishi vyumba vya safu vilivyopangwa kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya maisha. Kwa hesabu yoyote ya visababishi, kambi hizo zilipaswa kuwa machinjio, na magomvi kweli hayakukosekana siku za mshahara. Jambo linalohitaji maelezo ni kwa nini hayakuwa makubwa zaidi.

Sehemu muhimu ya maelezo hayo ni utani. Utani wa makabila, uliokuwa umekuzwa na njia za misafara, ni uhusiano uliowaruhusu watu wa jamii mbili, mara nyingi zilizowahi kupigana au kufanya biashara, kutukanana, kunyang'anyana vitu vidogo na kuchekana bila aliyetaniwa kuruhusiwa kukasirika, na wakati huo huo uliwafunga kwa wajibu mzito wa kusaidiana. R. E. Moreau, mwanasayansi wa kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara ambaye umaarufu wake ni wa elimu ya ndege, ndiye aliyeandika mwanzoni mwa miaka ya 1940 mojawapo ya maelezo marefu ya kwanza ya desturi hiyo, na haikuwa ajabu kwamba aliiona pale, kwani mkoa wa Tanga ulikuwa umekusanya watu wa makabila mengi ya Tanganyika. Mtani ndiye aliyeosha maiti ya mtu asiye na ndugu karibu, ndiye aliyechimba kaburi, ndiye aliyewachekesha wafiwa hadi kilio kikapoa, na ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuingia katikati ya watu wanaotaka kupigana na kuwaaibisha wote wawili. Kwa mtu aliyekufa Ngombezi mbali na kwao Unyamwezi au Ubena, uhakika wa kuzikwa kwa heshima ulitegemea mtani kuliko ulivyomtegemea mwajiri.

Thamani ya utani kama kinga ya ukatili imepuuzwa kwa sababu unaonekana kuwa kichekesho, na pia kwa sababu wanasayansi wa nje waliuchunguza kama fumbo la ukoo badala ya kuuchunguza kama kazi. Ulifanya yale ambayo miradi ya leo hujitahidi kuyafanya: uligeuza tusi, ambalo ndilo cheche ya magomvi mengi ya vijana wa kiume, kuwa kitu kisichodai kisasi, uliweka mpatanishi anayekubalika na pande zote mbili, na uliwapa wageni mtandao wa ndugu wa kijamii pale ambapo ndugu wa damu hawakuwepo. Ulikuwa na mipaka yake, kwani haukumgusa meneja wala ujira, na haukumlinda sana mwanamke dhidi ya mume. Lakini hakuna taasisi ya kikoloni Korogwe iliyozuia damu nyingi kuliko huo.

Mipaka hiyo ya ujira na udhalilishaji ilikuja kushughulikiwa na vyama vya wafanyakazi, ambavyo mwishoni mwa miaka ya 1950 viliendesha migomo katika mashamba ya Tanga, ukiwemo mgomo mrefu wa Mazinde mwaka 1958. Uhuru ulileta mishahara bora na kumaliza uajiri wa manamba, kisha mwezi Oktoba 1967, kufuatia Azimio la Arusha, serikali ikayataifisha mashamba mengi ya mkonge. Inapasa kusemwa wazi, hata hivyo, kwamba dola huru haikuachana na fimbo: Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliwarudishia mahakimu viboko 24, nusu yake mfungwa akiingia gerezani na nusu akitoka, na shule zikaendelea kuchapa watoto kana kwamba hakuna njia nyingine ya kufundisha. Kinyume chake, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, jambo ambalo nchi nyingi zenye utajiri zilikuwa bado hazijalitamka kwa uwazi wa namna hiyo. Sheria hiyo ilitangulia mazoea ya watu kwa mbali sana, na utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta kwamba wanawake 44 kati ya kila 100 waliowahi kuolewa walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na waume au wenzi wao.

Ni katika hali hiyo ambapo Korogwe ilipata nafasi katika historia ya afya ya jamii duniani, ingawa wakazi wake wengi hawajaambiwa hivyo. Kuanzia mwaka 2011 Taasisi ya Afya Ifakara, chini ya daktari wa uzazi Godfrey Mbaruku, ikishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia wakiwemo Lynn Freedman na Margaret Kruk, iliendesha katika wilaya za Korogwe na Muheza mradi ulioitwa Staha. Mradi huo ulichunguza jambo ambalo lilijulikana na kila mama na halikuandikwa popote, yaani udhalilishaji wa wanawake wanapojifungua: kufokewa, kusemwa vibaya, kupuuzwa wakiwa na uchungu, kuanikwa bila pazia, kuachwa wajifungue peke yao, na kwa baadhi yao kupigwa vibao au kufinywa. Kuuita udhalilishaji huo ukatili kuliwaudhi wengi, kwa sababu waliozoea kuhukumiwa kwa ukatili ni walevi na wanyang'anyi, si watu waliovaa sare nyeupe na kuokoa maisha usiku kucha.

Wanawake wapatao 1,780 waliulizwa wakati wanatoka vituoni, na karibu mmoja kati ya watano alitaja angalau tendo moja la namna hiyo. Sehemu yao walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye na kuulizwa tena, kiwango kilipanda hadi 28 kwa kila 100. Tofauti hiyo ni mojawapo ya matokeo muhimu kuliko yote, maana inaonyesha kwamba mtu akiwa bado chini ya paa la mwenye mamlaka juu yake, huku mtoto wake mchanga akihitaji chanjo kesho, hasemi yote yaliyompata.

Mradi haukuishia kuhesabu. Katika wilaya moja, huku nyingine ikiachwa kwa ajili ya kulinganisha, jamii na watumishi wa afya walikaa pamoja na kuandika upya mkataba wa huduma kwa mteja, hati ya serikali inayotaja haki na wajibu wa mgonjwa na mhudumu, wakaufanya uwe wa kwao na kuusambaza vijijini. Katika wodi ya wazazi, wakunga wenyewe walichagua mambo ya kurekebisha: mapazia ya kumsitiri mama, kubandika wazi taarifa za dawa na vifaa vilivyokwisha ili mgonjwa asidhani vimefichwa, kuwaonya na kuwashauri watumishi waliokosea, kuwauliza akina mama maoni yao mara kwa mara, na hata chai kwa waliokuwa zamu. Ilipofika mwaka 2015, uwezekano wa mwanamke kuripoti udhalilishaji ulikuwa umepungua kwa 66% ukilinganishwa na mwenendo wa wilaya nyingine. Jambo la chai lisidharauliwe. Watafiti walikuwa wamegundua kwamba mkunga mmoja mara nyingi alihudumia uzazi kadhaa kwa usiku mmoja bila glavu za kutosha, bila chakula na bila mkubwa wa kumuuliza hali, na kwamba ukali wake ulishuka kwa ngazi kama ule wa nyapara, kutoka katika mfumo uliomdharau hadi kwa aliye dhaifu kuliko yeye.

Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko la kuzitaka nchi zote zikomeshe udhalilishaji wa wanawake wakati wa kujifungua, na utafiti wa Tanga ulikuwa sehemu ya ushahidi uliozungumzwa wakati huo. Miaka michache baadaye Tanzania ilianza kutekeleza Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, unaojulikana kama MTAKUWWA, wa kuanzia mwaka 2017/18 hadi 2021/22, ulioagiza kuundwa kwa kamati za ulinzi kutoka ngazi ya taifa hadi kata na kijiji au mtaa, na kuongeza madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi. Kamati kama hiyo ya kata ya Kilole, ikikaa katika ofisi ya mtendaji na kusubiri mashauri yaletwe, itasikia yale ya mlangoni mwa hospitali. Yale mengine, ambayo katika utafiti wa Staha yaliongeza hesabu kwa karibu nusu, yanasemwa nyumbani, kwa mtu asiyeshika kalamu ya kumpangia msemaji foleni ya kesho.